Metro ya Dubai: riviu ya mfanyabiashara wa Kariakoo anayefikia Deira

Kila anayeanza safari za Dubai kufuata mzigo ananiuliza nilale hoteli gani na nitumie kagoo gani, yaani msafirisha mzigo, basi. Hakuna anayeuliza atatembeaje ndani ya mji, na kwangu mimi hilo ndo swali la kwanza kabisa kwasababu usafiri ndo unakula hela, unakula muda, unakula miguu, na ukikosea hapo siku nzima inaisha umeona maduka mawili tu. Kwahiyo leo naandika kuhusu metro peke yake. Nimeitumia kwa miaka kadhaa, kiangazi na kipupwe, nikiwa peke yangu na nikiwa na wageni, na niseme mapema kabisa kwamba naipenda, kwa mtu anayefikia Deira, ule mtaa wa zamani wa biashara, sioni sababu ya kutoitumia, ila ina mipaka yake na mipaka hiyo inatugusa sisi watu wa mizigo kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa wasioijua, ni treni ya umeme ya mjini, ilizinduliwa tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009, usiku saa tatu na dakika 9 na sekunde 9, walipanga hivo makusudi. Ina laini mbili, nyekundu na ya kijani, stesheni 53, njia yote kwa jumla inakaribia kilomita 90. Haina dereva, kompyuta ndo inaendesha. Na kitu ambacho Watanzania wengi hawakijui ni kwamba kwenye muungano wa kampuni zilizoijenga, pamoja na Wajapani, walikuwemo Waturuki wa Yapı Merkezi, haohao waliokuja kutujengea SGR ya Dar mpaka Morogoro na Dodoma. Hata ukiangalia stesheni utaona tabia inafanana, pale Dubai stesheni za juu zimechorwa kwa umbo la kombe la lulu maana huo mji kabla ya mafuta ulikuwa unaishi kwa kuzamia lulu, na stesheni yetu kubwa ya SGR Dar ikachorwa kwa umbo la tanzanite. Mimi napenda jengo la serikali likikwambia uko wapi, sio lile sanduku la vioo ambalo lingeweza kuwa mji wowote.

Sasa joto. Bila joto huwezi kuielewa metro hii, maana joto ndo lililoichora. Mwezi wa sita mpaka wa tisa nyuzi zinapita 40 na ni joto lenye unyevu wa bahari, sisi wa Dar jasho tunalijua lakini lile unatoka mlangoni miwani inaingia ukungu hapohapo. Kwahiyo angalia walivofanya: stesheni zote zimefungwa na zina AC, na kwenye jukwaa la kusubiria kuna ukuta wa kioo toka chini mpaka juu, hauoni reli kabisa, treni ikifika inasimama milango yake ikiwa imelingana sawasawa na milango ya kile kioo na yote inafunguka pamoja. Kile kioo kinafanya kazi mbili kwa mpigo, kinazuia baridi isitoke na kinazuia mtu asidondokee relini. Nikisafiri na mtu mwenye watoto nashukuru hicho kioo kuliko kitu kingine chochote, mtoto anaweza akaegemea kabisa na mama yake hana presha.

Halafu kuna madaraja. Laini nyekundu sehemu kubwa inafuata Sheikh Zayed Road, na ile barabara sio barabara ya kusema ngoja nivuke, sehemu nyingi ina njia 12 na zaidi na magari yanakimbia vibaya. Stesheni iko upande mmoja lakini daraja lake la watembea kwa miguu limefungwa vioo, lina AC, lina mikanda inayokusogeza umesimama tu, linashuka pande zote mbili za barabara, na kwakuwa mageti ya kulipia yako ndani zaidi unakuta watu wengi wanapanda lile daraja kuvuka tu, hawasafiri na treni. Hapo ndo niliiona akili ya mchoraji, lakini ndo hapohapo niliuona na ubaya wa mji wenyewe, maana ukiondoa hayo madaraja mtembea kwa miguu hana chake pale. Kuna hoteli unaiona kwa macho ng'ambo, inaonekana ni mita mia tatu, na huwezi kuifikia mpaka urudi stesheni. Daraja la Dubai Mall peke yake lina mita 820, unatembea mpaka unajiuliza kama umepotea, hujapotea, endelea tu, na kama una mtu mzima mwenye magoti mabovu mwambie kabla hamjaanza safari ili ajipange.

Tuje kwenye hela. Kadi inaitwa Nol, usije ukakata ile tiketi ya karatasi nyekundu kama unakaa zaidi ya siku mbili, chukua kadi ya rangi ya fedha, Silver, unalipa dirham 25 na ndani yake tayari kuna salio la 19. Nauli inahesabiwa kwa kanda, ukitembea ndani ya kanda moja ni dirham 3, kanda mbili zinazopakana ni 5, zaidi ya hapo ni 7 na nusu hata ukivuka mji mzima. Linganisha na teksi ambayo hata ukienda pua na mdomo haishuki dirham 12, na ukiichukulia airport mita inaanza kusoma 25 kabla gari halijaondoka. Mtu anayezunguka masoko matatu manne kwa siku hapo tofauti unaiona mwenyewe jioni ukihesabu. Kadi ileile unagonga kwenye basi, kwenye tramu ya kule Marina, na ukibadilisha chombo ndani ya nusu saa inahesabika bado ni safari moja, hukatwi upya. Cha kukumbuka ni kimoja, ugonge ukiingia na ugonge ukitoka.

Sisi tunayo N-Card tunayogonga kivuko cha Kigamboni na uwanja wa Mkapa, kwahiyo wazo lenyewe sio geni kwetu. Kinachonivutia kule ni ile hali kwamba hakuna mtu wa kubishana naye. Hakuna konda wa kukwambia chenji baadae, hakuna wa kukupandishia nauli kwasababu kaona mvua inanyesha au kaona wewe mgeni, geti linakuonesha salio lako na limekaa kimya. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake na amebeba hela ya watu kwenye mkanda wa kiuno, ule ukimya ni heshima. Nimeishi maisha ya kugombana na makonda toka nasoma sekondari, najua ninachokisema.

Na hapo niongelee behewa la wanawake na watoto. Lipo, limewekewa alama za pinki sakafuni na mlangoni, na mwanaume akiingia faini ni dirham 100. Najua wapo wanaosema hayo mambo ya kutenganisha watu yamepitwa na wakati, sawa, lakini waje wapande saa kumi na mbili jioni pale stesheni ya BurJuman watu wakitoka makazini halafu tuongee. Behewa za kawaida muda huo mnabanana hasa, vifua kwa migongo, na kule pinki pia kunajaa ila ni kujaa kwa aina nyingine, unaweza ukashusha pumzi. Nawaona wasichana wa Kikenya na Waganda wanaofanya kazi hotelini na kwenye supamaketi wamesinzia wamekumbatia pochi zao, wametoka shifti ya asubuhi, na hakuna anayewagusa. Kitu chenyewe ni mstari tu wa rangi sakafuni na sheria inayosimamiwa. Haikugharimu kujenga reli nyingine. Naitamani Dar, naisema kwa moyo wote, behewa moja, basi moja kati ya manne, chochote.

Kuna pia Gold, daraja la kwanza, nauli ni mara mbili, viti vya ngozi, na treni ikielekea upande fulani Gold ndo inakuwa mbele kabisa pale ambapo dereva angekaa, unaona reli yote mbele yako kwenye kioo. Lipa mara moja kama una mtoto, atafurahi. Zaidi ya hapo sioni haja.

Mwaka fulani nilienda na mama mdogo, ni mtu wa Pemba, umri umeenda, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, na nilikuwa na wasiwasi nitamwachaje hotelini mimi nikihangaika na mzigo. Vibao vyote vya metro vimeandikwa Kiarabu na Kiingereza tu. Sasa mama mdogo kasoma chuoni toka mtoto, msahafu kahitimu, siku ya kwanza tumesimama jukwaani Baniyas Square nikamwona ananyanyua uso kwenye kibao anaanza kusoma kwa sauti taratibu kama yuko kwa mwalimu wake, anakwama, anarudia, kwasababu maandishi ya kibao hayana zile alama za irabu, fat-ha wala kasra wala dhumma, herufi ziko tupu, na yeye kazoea msahafu ambao kila herufi ina alama yake. Akaniambia mwanangu hawa wameandika mifupa bila nyama. Lakini alisoma! Siku ya pili akawa ananitangulia, na pale Union ndo nikaona faida zaidi, maana mimi nasikiliza tangazo la Kiingereza linasema Union yeye anasoma Al-Ittihad, na ndo stesheni hiyohiyo moja, sasa akawa ananibishia kwamba nimemshusha pasipo. Tukacheka wote wawili. Baada ya hapo nikamfundisha afuate rangi, kijani ni kwetu, nyekundu ni airport na mjini kule kwenye maghorofa, na akaweza kwenda Al Ras kwa shoga yake na kurudi peke yake. Mtu ambaye Dar kwenyewe hatoki bila kusindikizwa. Rangi mbili tu na herufi za msahafu, ndo vilivyompa mji.

Ndo maana kuna jambo moja kwenye muundo wa hii metro silikubali kabisa, nalo ni kuuza majina ya stesheni. Stesheni nyingi zina majina ya kampuni, kampuni inalipa jina linabadilika, mkataba ukiisha linabadilika tena. Rashidiya imekuwa Centrepoint, Al Jafiliya imekuwa Max, zote hizo ni maduka. Rashidiya ni mtaa, ulikuwepo na wazee wake na misikiti yake kabla ya duka lolote. Mgeni aliyekuja zamani anarudi anatafuta jina kwenye ramani halipo, dereva wa teksi anajua la zamani, ramani ya simu inasema la sasa, rafiki yako aliyekuelekeza kwa WhatsApp anasema la katikati. Jina la kituo ni mali ya watu wanaoshukia pale. Usishangae na huku kwetu likaja, ndo maana nalisema kwa nguvu.

Sasa mizigo, na hapa wafanyabiashara msome vizuri. Kanuni inasema begi kubwa moja lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja lisilozidi 55 kwa 38 kwa 20. Maana yake ile belo ya mabegi au magunia ya viatu uliyozoea kuburuta haiingii, usijaribu. Mwanzoni nilikuwa naona wametuonea, siku hizi naielewa, treni imetengenezwa kwa mtu wa ofisini na mtalii, mabehewa matano, milango inafunguka sekunde chache inafungwa, mtu na magunia yake matatu atawachelewesha wote. Lakini ukielewa hivo unapanga siku yako tofauti: metro ni ya kwenda kuangalia, kuulizia bei, kuchagua, kulipa. Mzigo usiuguse. Muachie mwenye duka aupeleke kwa kagoo wako, wengi wa Deira wanafanya hivyo bure au kwa hela ndogo kwasababu kagoo zenyewe ziko hapohapo Naif na Al Ras, vijana wanasukuma vitoroli usiku kucha na utasikia Kiswahili kila kona. Wewe unabaki na risiti na sampuli moja kwenye mkoba, mikono mitupu, na hapo ndo metro inakuwa rafiki.

Kutoka airport ukifikia terminal 1 au 3 laini nyekundu iko palepale, unapita vituo vichache unashuka Al Rigga au Union, kama hoteli yako iko Naif unabadilisha Union kwenda kijani kituo kimoja tu unashuka Baniyas Square. Ila angalia muda. Siku za kawaida inaanza saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita usiku, Ijumaa inaongeza mpaka saa saba, na Jumapili haifunguliwi mpaka saa mbili asubuhi, kwahiyo ndege yako ikitua usiku wa manane weka kabisa bajeti ya teksi. Na wanaoshukia terminal 2, ambako ndege nyingi za flydubai zinatua, hapo hakuna stesheni ndani ya jengo, itakubidi basi au teksi mpaka ukutane na laini.

Ukitoka kituoni pale Deira mji unabadilika kabisa na hapa ndo napenda kupita kiasi. Kule Sheikh Zayed kila kitu kimefungiwa kwenye vioo, huku Baniyas unapanda ngazi unatokea kwenye vichochoro, maduka yameegemeana, harufu ya udi na shawarma, Mpakistani anakuita mama Afrika njoo, unatembea kwa miguu kila mahali na hakuna aliyekuchorea. Huu mtaa ulikuwepo kabla ya metro na unaishi kwa sheria zake. Ukitaka kwenda Bur Dubai ng'ambo usirudi chini ya ardhi, nenda ufukweni kwenye Creek, ule mkono wa bahari unaoukata mji, panda abra, boti ya mbao, dirham 1 taslimu, unakaa ubavu kwa ubavu na watu na upepo wa maji unakupiga usoni. Metro inapita chini ya maji hayohayo, hauoni kitu. Mimi nikiwa na haraka napita chini, nikiwa na muda napita juu.

Kwa kutafuta duka ndani ya vichochoro kuna kibao kidogo mlangoni kwa kila jengo, kina namba yenye tarakimu kumi, inaitwa Makani. Omba mwenye duka akutumie hiyo namba, ingiza kwenye programu yao ya simu inakupeleka mpaka mlangoni. Ndo kazi ambayo vibao vyetu vya anwani za makazi viliwekwa kuifanya toka kampeni ya 2022, tofauti ni kwamba kule mwenye duka anaijua namba yake kichwani na anakutajia. Huku ukimuuliza mtu namba ya nyumba anakuelekeza kwa mwembe.

Na mvua. Tarehe 16 Aprili 2024 ilinyesha Dubai mvua ambayo hawajawahi kuirekodi, barabara zikawa mito, na stesheni nne za laini nyekundu zikafungwa mpaka mwezi wa tano ndo zikarudi zote. Watu wa Dar tuliokaa tunaangalia bonde letu la Jangwani likifurika kila masika tulielewa bila kuelezwa. Mji uliochorwa kwa ajili ya jua haukuwa na pa kuyapeleka maji yote yale, mifereji haikutosha kwasababu nani angeilipia mingi kwenye jangwa. Nalitaja kwa sababu wengi tukienda kule tunarudi tunasema wenzetu kila kitu wameweza, na tunaanza kudharau kwetu. Wameweza walichokipangia.

Kilichobaki ni Dragon Mart. Wengi wetu ndo tunakoenda kuangalia vifaa vya ujenzi na fenicha na taa, na metro haifiki, unashuka Centrepoint halafu unachukua basi kwa kadi yako ileile. Laini mpya ya bluu imeshaanza kujengwa, kilomita 30, stesheni 14, itapita International City ambako Dragon Mart ipo, na wamepanga kuifungua tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2029. Kwa sasa ukienda huko ondoka asubuhi mapema, beba maji ya kunywa ukiwa nje maana ndani ya metro kula na kunywa ni faini dirham 100, na hakikisha unatoka kabla ya saa kumi jioni la sivyo utasimama mpaka Union.